Mgeni Mwenye Ufunguo

Ndani ya treni, 9 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujafungua mdomo, najua: barua yako ilifika tangu mwezi wa kwanza na mimi kimya. Nimekosa, nakubali. Sisi huku hatujambo wote. Mama Chiriku anakusalimu sana, anasema ile blauzi uliyomtumia imemkaa vizuri mpaka jirani anamwuliza anashonewa wapi. Chiriku naye jina limemfaa. Ametimiza miaka minne na, kwa maelezo ya mama yake, kutwa hanyamazi, hata akiwa na tonge mdomoni.

Mwandiko nisamehe. Naandika juu ya goti, treni inakwenda. Ukiona herufi imeruka juu, hapo tumepita kwenye maungio ya reli. Ukiona mstari umekwenda mpaka pembeni ya karatasi, hapo mama mmoja amenipiga kiwiko akitafuta tiketi yake, na bado hajaipata.

Uliuliza maisha ya njiani yakoje. Basi ni hivi. Natoka nyumbani giza bado, natembea mpaka barabara kuu, napanda basi mpaka stesheni, treni mpaka mjini, halafu miguu mpaka karakana. Jioni naifuata njia ile ile kinyumenyume. Nikifika, sufuria limefunikwa, mtoto amefunikwa, na mama yake amejifunika. Kazi yenyewe naipenda. Kusaga lenzi za miwani ningeweza kufanya mpaka meno yaniishe. Ni hii njia tu inayonila.

Mama Chiriku ana wazo lake. Anasema nyumba tumpe mpangaji, sisi tukapange vyumba viwili karibu na karakana, mtoto apate kumjua baba yake. Nikamwambia, "Shangazi atasema nini, na nyumba ile tulijenga kwa shauri lake?" Akaniuliza, "Kwani mimi nimeolewa na shangazi yako?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Hayo tuyaache. Nyumba ni nzima, bati halivuji, na yule paka asiye na mwenyewe amezaa tena chini ya ngazi.

Mwanao.


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa macho na ya pili kwa kubahatisha. Huyo mama wa tiketi mwambie nimemlaani kidogo, si sana.

Mimi sijambo. Kifua kilinishika wiki mbili, kimeniachia. Kazi ni nyingi mno, cherehani haipoi, wateja wananifuata mpaka mlangoni. Mwenye nyumba wangu naye hajambo, alipita mwezi uliopita, tukakaa, tukaongea. Jirani yangu mpika maandazi ameolewa tena, mume wa tatu huyu, na safari hii amechagua mwenye meno yote.

Sasa tuje kwenye hili la kupangisha nyumba. Nimelisoma nikaweka barua chini, nikanywa maji, nikaichukua tena nikidhani nimeona vibaya. Mwanangu, umesahau siku ya kuchimba msingi? Wewe ulishika kigingi, mimi nimeshika kamba, na jua likituchoma utosini. Watu wakasema pale ni mbali. Nikawauliza, mbali na wapi? Mtu akiwa kwake hayuko mbali. Leo una mlango wako, ufunguo wako, na hakuna wa kukugongea mwisho wa mwezi. Eti urudi kwenye vyumba vya watu! Mimi ni fundi cherehani, hili nalijua kwa kazi na kwa umri: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mwambie mkwe wangu nampenda sana, lakini asinichokoze.

Kile chumba cha nyuma, chenye dirisha linalopata jua la asubuhi, umeshakitia pazia? Nimekuuliza mara ngapi?

Halafu jambo jingine. Unasema mtoto haachi kuongea kutwa nzima, kwa maelezo ya mama yake. Na wewe anakuambia nini?

Shangazi yako.


Ndani ya treni, 17 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Tumefurahi kifua kimeachia. Sisi wazima. Mpe pole mume wa tatu, naye ana safari ndefu mbele yake.

Nimechelewa kujibu kwa sababu siku hizi nikipata kiti nalala, na nikisimama siwezi kuandika. Ngoja nikueleze habari ya kiti, maana najua utacheka. Behewa letu, la tatu kutoka mbele, lina sheria zake. Anayekaa tangu mwanzo wa safari husimama tukifika darajani, akampisha aliyesimama. Hakuna anayeambiwa. Treni ikianza tu kutoa ule mlio wa darajani, nusu ya behewa inanyanyuka na nusu inakaa, wote wamefumba macho. Msimamizi wa jambo hili ni karani mmoja wa mahakama, tunamwita Mwenyekiti, kwa sababu ndiye anayegawa viti. Kuna nesi wa zamu ya mchana ambaye hahitaji hata kiti. Ananing'iniza mkanda wa mkoba wake kwenye chuma cha juu, anapitisha mkono, analala wima. Mimi ni Miwani. Kila wiki nakaza skrubu za watu bure, na ikidondoka moja sakafuni behewa zima linapiga magoti kuitafuta.

Wiki iliyopita nilipatikana. Jioni nililala nikapitiliza, na Mwenyekiti hakuwepo wa kuniamsha. Nikaja kuzinduliwa na maji ya baridi usoni. Kumbe nimefika mwisho wa reli, kule wanakoosha mabehewa, na kijana aliyeshika mpira wa maji hakuwa na habari kwamba ndani kuna mtu. Akaniuliza, "Mzee, wewe ni abiria au ni mzigo uliosahauliwa?" Nikamwambia mimi mwenyewe sijui. Nilirudi nyumbani nimelowa, usiku umekwisha kuwa mkubwa, nikabadilisha shati, nikanywa chai, nikaondoka.

Mama Chiriku hajambo. Habari ya kuhama ameacha kuisema. Zamani nilikuwa naomba anyamaze. Sasa amenyamaza kweli, na naona heri angesema.

Uliniuliza mtoto ananiambia nini. Mtoto ana adabu sana. Jumapili iliyopita alinisalimia vizuri kabisa.

Pazia bado.

Mwanao.


1 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nakuja.

Usianze maswali. Nakuja kutia pazia, kwa kuwa naona nikikungojea wewe nitalitia nikiwa kaburini. Nakuja na cherehani yangu, na usiniulize pazia moja linataka cherehani ya nini. Tiketi ya basi nimeshakata. Mkwe wangu anipokee stendi Jumatatu, tarehe kumi na tatu, wewe usihangaike kuomba ruhusa kazini.

Na hilo la mtoto kukusalimia vizuri kabisa nimelisoma. Tutaonana.

Shangazi yako.


Mezani kwako, chini ya sahani, Jumatano 15 Juni

Mwanangu,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kama ungekuwa unaonekana.

Nimefika salama juzi. Mkwe wangu alinipokea na uso mkunjufu, akanibebea cherehani mwenyewe bila kuuliza neno. Nimekula, nimelala, nimeoga maji moto. Chiriku ameniita Bibi Cherehani tangu saa ya kwanza na hajanipa nafasi ya kujibu lolote. Ameniuliza kwa nini shingo yangu ina mistari, kama niliwahi kuwa mtoto, na kama paka wa chini ya ngazi ana shangazi. Jana amekata vipande kitambaa changu kizuri kwa mkasi wangu mwenyewe, na nilipomkemea akanikemea pia.

Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo ndiyo ya tatu. Jembe sijaliona, na mwenye nyumba wa kunipa jembe pia sijamwona. Nilikungojea juzi, nikalala. Nilikungojea jana, nikalala. Asubuhi naamka nakuta sahani imeoshwa na viatu havipo. Ningekuwa sijui ukoo wetu ningesema nyumba ina jini msafi.

Nakuandikia barua, mwanangu, na mimi nimo ndani ya nyumba yako. Umeona wapi?

Jana usiku mkwe wangu alikuwa akifunika chakula chako, hakujua kwamba nipo mlangoni. Nikamsikia anaiambia sahani, "Haya, baba, kula vizuri." Kisha akaenda kulala.

Shangazi yako.


Ndani ya kopo la sukari, Alhamisi 16 Juni

Shangazi,

Shikamoo na karibu sana nyumbani. Naweka barua hii kwenye sukari kwa sababu najua ndipo mkono wako utakapofika kwanza asubuhi.

Wewe hujaniona, lakini mimi nimekuona. Juzi ulikuwa kwenye kiti, mdomo wazi, unakoroma kwa sauti ya cherehani yako. Jana pia, na sindano mkononi. Sindano niliichomoa, nikakufunika koti langu. Nilitaka kukuamsha nikakuonea huruma, halafu nikajionea huruma mwenyewe, maana najua ungeanza maswali.

Nimefurahi umekuja, Shangazi. Nasema kweli. Nilipoingia nikaona viatu vyako mlangoni nilisimama nikavitazama.

Jumapili tutaongea.

Mwanao.


Stesheni, kwenye benchi, Ijumaa 17 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa stesheni kwa sababu treni yangu imekwenda. Nimeuona mgongo wake. Mwenyekiti alitoa mkono dirishani akanipungia.

Ya leo nikueleze, usije ukasikia kwa mwingine. Uliponikuta pale mlangoni na begi, ukashika kiuno ukasema, "Haya ndiyo masaa ya mwanaume kurudi kwake?", nilikuwa naondoka. Sikuwa narudi. Nilikuwa nimeshalala, nimeshaamka, nimeshanawa uso, naenda kazini. Wewe ndiye uliyezinduka kitini ukadhani bado ni usiku ule ule.

Nilitaka kukuambia. Lakini ukanivua begi begani. Ukanikalisha. Ukawasha jiko, ukapasha kile chakula ulichokuwa umeniwekea kando, ukanipakulia mlima, ukasimama juu yangu na mwiko. Tangu lini nimeweza kukukatalia chakula? Nikala cha jioni alfajiri, chote, huku nasikia saa ya ukutani. Ulipoondoa sahani ukaniambia, "Sasa nenda kalale," nikasema, "Ndiyo, Shangazi," nikatoka nje. Sijui ulidhani nakwenda kulala wapi.

Bosi atanung'unika, akimaliza atanipa lenzi za kusaga. Hilo halina neno.

Lile la mtoto tusiliseme.

Mwanao.


Chini ya sahani, Jumamosi 18 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka mkwe wangu amekuja kuniangalia. Nilidhani umekwenda chooni! Nikakaa nikikungojea urudi, mpaka jua likachomoza, ndipo nikajua nimefanya maajabu. Nisamehe treni.

Lakini lile la mtoto nitalisema, kwa kuwa nililiona kwa macho yangu na siwezi kulimeza.

Kelele zangu za masufuria zilimwamsha. Akatoka chumbani na gauni lake la kulalia, nywele timtim, akaanza na mimi papo hapo: Bibi Cherehani kwa nini unapika usiku, Bibi Cherehani nataka nyama. Domo kaya kama kawaida yake. Kisha akakuona wewe mezani. Mwanangu, yule mtoto akanyamaza. Akajiweka sawa gauni. Akavuta kigoda mpaka kwenye kabati la vyombo, akapanda, akatoa glasi yenye maua, ile ambayo mama yake huwatolea wageni peke yao. Akaijaza maji. Akakuletea kwa mikono miwili, polepole, asimwage. Akasema, "Karibu."

Na wewe ukasema, "Asante."

Hukusema lingine. Ukayanywa yale maji yote, ukamrudishia glasi, naye akaiweka mahali pake akarudi kulala. Mimi anivute sikio, mama yake amlilie, paka amburute mkia, wewe akupe glasi ya wageni. Nilisimama na mwiko nikatamani ardhi ifunguke.

Mama yake aliniambia tangu siku ya kwanza. Alisema, "Shangazi, mimi sina ugomvi na nyumba. Nimechoka kumfundisha mtoto kwamba yule anayelala Jumapili ni baba." Nilimjibu ovyo. Nilimwambia wanaume wote ndivyo walivyo.

Kesho ni Jumapili, utalala, najua. Keshokutwa nakusindikiza kazini. Sitaki kubishana kwa maandishi. Nitakuwa mlangoni nimevaa viatu, nikuone na hiyo njia mnayoilalamikia.

Shangazi yako.


Nyumbani kwako, Jumanne 21 Juni

Mwanangu,

Jana tulikuwa pamoja tangu giza mpaka giza, na bado nakuandikia barua. Njiani hapakuwa na mahali pa kusemea. Uliongea nami mpaka kituo cha basi, na ndani ya treni ulipopata kiti ukalala hapo hapo, kichwa kikigonga dirisha. Kwa hiyo nilisafiri na behewa.

Nikuambie nilivyosafiri. Huyo Mwenyekiti wenu alinipa kiti mara tu nilipopanda, nikakikataa. Nikamwambia mimi si mzee, nipangiwe zamu kama wenzangu. Akainama kwa heshima, akaniacha nisimame. Vituo viwili baadaye magoti yalianza kunisemesha. Nikavumilia kwa kiburi. Kabla hata daraja halijafika nikajikuta nimekalia mapaja ya mtu, mwanaume mkubwa amebeba ndoo ya rangi, na hakushtuka hata kidogo. Alisogea, akasema, "Karibu, mama." Nikakaa kwenye ndoo mpaka mjini. Gauni langu la kijani sasa lina duara jeupe nyuma, na mtu asinicheke.

Ila nilichotaka kukuambia si hicho. Wakati umelala, watu wa behewa walianza kunipa habari zako. Nesi akaniambia mguu wako wa kushoto unakufa ganzi na amekukemea ubadilishe viatu. Mama wa tiketi anajua unaogopa panya. Mwenyekiti anajua mwezi wa nne ulilia. Alinong'ona, asikuamshe. Alisema ulilia siku uliyokwenda na habari kwamba mtoto amejua kuandika jina lake, na kwamba umehadithiwa tu. Nilikuwa sijui lolote katika hayo. Mimi niliyekulea baada ya kaka yangu kufariki, sikujua. Mkeo hakujua, nimemwuliza usiku, akageuka ukutani.

Ni watu wema wale, sina neno nao. Lakini mwanangu, wamekupata wao. Sisi wa nyumbani tumebaki na sahani.

Basi nasikiliza, maana mtu mzima naye husikiliza. Nyumba njema si mlango. Hameni. Katafuteni vyumba viwili huko karibu na lenzi zako, mpange, mwenye nyumba awagongee, mgombane naye kwa ajili ya maji. Nimesema mimi. Mwambie mkeo ameshinda, na asinitazame kwa jicho lile.

Na sasa utaniuliza nyumba itakuwaje. Usimpe mpangaji. Nipe mimi.

Yule mwenye nyumba wangu hakuja kunisalimia mwezi wa tatu. Alikuja kuniambia nitoke, mwanawe anaoa. Wateja hawapo, ni uongo niliokuandikia. Watu wananunua nguo zilizokwisha kushonwa, na cherehani yangu ilikuwa inapoa mpaka inatia kutu. Nimepanga vyumba tangu usichana wangu, na kila nilipotolewa niliwaambia watu nimehama kwa hiari yangu. Nilikusukuma kujenga kwa kuwa nilitaka hata mmoja katika ukoo huu asiwahi kuambiwa toka. Na kile chumba cha nyuma, siku tunashika kamba, nilikipima kwa hatua zangu mwenyewe nikanyamaza.

Naogopa kuzeeka peke yangu kwenye chumba cha mtu. Nimeliandika na halijaniua.

Pazia nimelitia. Ni la bluu.

Shangazi yako.


4 Septemba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Tazama herufi hizo zilivyosimama! Naandika mezani, meza yenye miguu minne, hakuna anayenipiga kiwiko isipokuwa Mama Chiriku akipita na sufuria, maana vyumba viwili ni vyumba viwili. Yeye hajambo, anakusalimu, anasema ameona kwenye picha uliyotuma kwamba umehamisha kabati lake la vyombo na anakusamehe kwa mara hii tu. Siku hizi anaimba akifua. Nilikuwa nimesahau kwamba anajua kuimba, na anaimba vibaya sana, Shangazi, nami nazima redio nimsikilize.

Kweli nimechelewa tena kuandika. Zamani nilikuwa na safari nzima ya kuandikia, sasa kutoka mlangoni mpaka karakana sijamaliza hata kuwaza salamu. Tunaishi juu ya kinyozi. Bomba la maji liko uani na tunagombana nalo kama ulivyotuombea. Mwenye nyumba amekwisha gonga mara mbili, mara moja kwa sababu Chiriku alimwambia mke wake kwamba ana masharubu.

Behewa linanijia kichwani mara kwa mara. Mwenyekiti alipita karakana mwezi uliopita na miwani isiyo na kasoro yoyote, akataka niikaze. Niliikaza skrubu ambayo haikulegea, tukanywa chai, akaondoka. Kiti changu amepewa yule bwana wa ndoo.

Sasa kubwa nililotaka kukuandikia. Sikukuandikia mapema kwa sababu sikuwa na la kujivunia. Siku za mwanzo hapa zilikuwa ngumu. Nilidhani tukihama tu, mtoto atanirukia shingoni. Wapi! Jioni ya kwanza nimerudi mapema, jua lipo, nimekaa kitini nimejaa tele. Chiriku akaja akasimama mbele yangu, akaniuliza kwa upole, "Unaondoka saa ngapi?" Nikamwambia siondoki. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kumwuliza mama yake kama ni kweli. Wiki nzima ikawa hivyo, anachezea mbali, ananichungulia. Mama yake akasema nisimkimbize. Nikawa narudi tu. Kila siku natoka karakana, napanda ngazi, nakaa, namenya viazi, nakunja nguo, sisemi sana. Siku moja akanipa mdoli wake nimshikie. Siku nyingine akanikosoa ninavyokunja soksi. Nilikuwa natamani kukuandikia hayo nikaogopa kuyatia mkosi.

Juzi mteja alileta fremu iliyovunjika karakana ikiwa inafungwa, mzee wa watu haoni mbele wala nyuma, nikabaki kumtengenezea. Sikukawia sana. Napanda ngazi nakuta mlango uko wazi na Chiriku amesimama kizingitini, mikono kiunoni, uso umemwiva. Kinyozi wa chini ametoa kichwa kusikiliza. Shangazi, alinipigia kelele hizo! "Wewe baba! Ulikuwa wapi? Chakula kimepoa! Mimi nimekungoja mpaka nimechoka, na mama amekungoja, na hukusema! Mbona unachelewa?"

Nikasimama pale ngazini na begi langu. Miaka minne nimeingia nyumbani usiku wa manane, na hakuna siku hata moja mtoto huyu aliwahi kuona kwamba nimechelewa. Niliomba radhi. Nikaambiwa nirudie, sikuomba vizuri. Nikarudia. Mama yake yuko nyuma ya mlango ameziba mdomo kwa kanga, sijui anacheka au anafanyaje, na mimi nalia kama mtu aliyefiwa, na kumbe nimefurahi sijapata kufurahi hivyo.

Naishia hapa, Shangazi. Ananiita mara ya tatu na sauti imeanza kupanda. Sitaki anigombeze tena leo.

Uongo. Nataka.

Mwanao.